Mshahara Ulioongezeka Senti Moja

"Mwachieni! Hizo pesa nimezila mimi!"

Haya, tumerudi palepale. Nyinyi mlionilaani wiki nzima kwa kumwacha binti wa watu mlangoni na kinywa wazi, poleni. Hata mimi sikulala vizuri. Na wewe unayelifungua gazeti hili kwa mara ya kwanza, sogea, nafasi ipo, nitakueleza huku tunatembea maana muda wenyewe hatuna.

Aliyepiga kelele ni Senti, binti aliyetengeneza programu ya mishahara ya kiwanda cha kushona sare. Jina hilo wamempa wafanyakazi. Hawezi kuona hesabu imepinda akaipita. Akinunua kalamu anadai chenji mpaka mwenye duka anatamani kuhama mtaa.

Aliyefungwa pingu ni mhasibu wa kiwanda, mume wa dada yake. Shemeji.

Kisa chenyewe ni hiki. Mishahara miwili mfululizo mafundi cherehani wamepiga ovataimu hadi vidole vikaota sugu. Bosi akatoa pesa ya ovataimu yote na kuiingiza kwenye akaunti ya mishahara. Kwenye slipu ovataimu imeandikwa, tena kwa wino mzuri. Lakini ukishuka chini kwenye jumla, haimo. Imeyeyuka. Na anayeishika akaunti hiyo ni Mhasibu. Ulitaka wamkamate nani, mimi?

Tuingie ndani.

Ofisi ya Bosi ina dirisha kubwa la kioo linalotazama ukumbi wa cherehani. Asubuhi hiyo hakuna cherehani iliyolia. Mafundi wote walikuwa wamejazana nyuma ya kioo, pua zimebanwa, wengine wamepanda juu ya viti. Mlango ulikuwa wazi na katikati ya mlango huo alisimama Senti, laptopu kwapani, anahema.

"Umesemaje?" Bosi aliuliza.

"Nimesema ni mimi. Mfungueni Shemeji."

Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa Dada, mjamzito wa kujifungua leo au kesho. Aliinuka kwa kushika ukuta.

"Nyamaza wewe! Unajua unachosema?"

"Najua, Dada."

"Hujui! Bosi, usimsikilize huyu. Tangu jana hajatia kitu tumboni, njaa imempanda kichwani."

"Dada, niache niseme."

"Nimekwambia nyamaza! Mwenzako kakamatwa, na wewe unataka kukamatwa? Nibaki na nani mimi? Niambie, nibaki na nani?"

Sauti ilimkatika, akaanza kulia. Senti naye machozi yakamlenga, maana huyu si dada wa kusema dada tu. Mama yao alipofariki, Dada ndiye aliyefua nguo za watu kulipia kozi ya kompyuta ya mdogo wake. Hata laptopu ile ilinunuliwa kwa mikono iliyochubuka kwa sabuni. Leo Shemeji akipelekwa mahabusu, Dada atajifungua peke yake, na nyumba wanayoishi ni ya kampuni. Watatupiwa vyombo nje kabla mtoto hajapewa jina.

Ndiyo maana Senti hakunyamaza.

Koplo, aliyekuwa amemshika Shemeji mkono, alikuna kidevu. "Sasa tuelewane. Nimchukue huyu au nimchukue huyu?"

"Wote!" Bosi alifoka. "Familia nzima! Nimefuga wezi ndani ya ofisi yangu!"

"Mimi si mwizi, Bosi. Nimesema nimezila, sikusema nimeiba."

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Nipe nafasi niwaonyeshe."

"Nafasi utapewa kituoni," alisema Koplo, akamshika kiwiko.

Hapo ndipo mlango ulipojaa mtu. Alikuwa Spika, msemaji wa mafundi, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mkononi alishika slipu yake ile ile aliyoipiga mezani kwa Bosi katika toleo la wiki iliyopita.

"Afande, mwache aseme," alisema Spika.

"Mama, hapa ni kazi ya polisi."

"Na pesa ni za nani, za polisi? Mimi nimeshona kola mpaka macho yakaingia ukungu. Ovataimu yangu 640. Mshahara wangu 1250. Nimelipwa ngapi? 1250 na senti moja! Senti moja, Afande! Bora wangeninyima yote nijue wameninyima. Hii ya kunitupia senti ni kunitukana. Nataka kumjua aliyenitukana."

"Bora hata wewe," ilisikika sauti nyembamba nyuma yake. Alikuwa Mama Vifungo, anayekaa mwisho wa safu na kushona vifungo. "Mimi ovataimu yangu 320. Hata hiyo senti sikuiona."

Senti alimnyooshea kidole. "Hapo hapo! Hilo ndilo lililonifungua macho. Mwizi gani anaiba mia sita halafu anarudisha senti moja? Na kwa nini amrudishie Spika, asimrudishie Mama Vifungo?"

Watu wakatazamana. Hata Koplo alilegeza mkono kwenye kiwiko.

"Huruma?" alikisia.

"Mwizi hana huruma, Afande. Kompyuta ndiyo iliyofanya hivyo. Na aliyeituma ni mimi."

Bosi alitazama saa, akatazama dirisha, akaona macho ya mafundi yote yamemkodolea. Kama angesema hapana, kesho asingekuwa na mtu wa kutia uzi kwenye sindano. Akasukuma mafaili kando.

"Haya, onyesha. Ukinipotezea muda utajuta kuzaliwa."

Senti aliketi, akaweka laptopu mezani na kuifungua. Mguu wake chini ya meza ulikuwa hautulii. Alijaribu kuukanyaga kwa mguu mwingine, na mwingine nao ukaanza kucheza. Spika aliinama upande mmoja, Bosi upande wa pili, Koplo nyuma, kila mtu anamhemea shingoni.

"Tazameni. Naingiza mshahara wa Spika, 1250. Naingiza ovataimu, 640. Naiambia ijumlishe. Mtaona itakacholeta."

Akabonyeza.

Kwenye kioo cha laptopu ikatokea: 1890.00.

"Hiyo si ndiyo jumla sahihi?" aliuliza Bosi.

Senti alikodoa macho. Akafuta, akaingiza tena. 1890.00. Akaingiza za Mama Vifungo. Sahihi kabisa. Kompyuta ilimtazama kama haijawahi kukosea tangu itoke dukani.

Nyuma ya kioo mtu mmoja aliangua kicheko, na wengine wakafuata. "Anamtetea shemeji yake!" "Danganya toto hiyo!" "Wafungwe wote!"

"Umeona sasa?" Bosi alimgeukia Koplo. "Kompyuta haina kosa. Kosa ni la mtu. Chukua mtu wako uende."

Koplo alimvuta Shemeji. Dada akapiga yowe. Na Shemeji mwenyewe, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alisema sasa kwa sauti ndogo: "Basi, shemeji. Umejaribu. Acha niende."

Senti alikuwa na hakika! Alfajiri ile alikuwa ameiona picha nzima kichwani, ameona namba zinavyopotea, akakimbia mpaka hapa, kandambili moja ikamkatikia njiani. Sasa hata kompyuta yake imemgeuka.

Fikiri, alijiambia. Fikiri, fikiri. Slipu zimekosea. Hapa imepatia. Slipu zinapita wapi ambapo hapa sijapita?

Shemeji alikuwa ameshafika kizingitini.

"Ngoja!" Senti aliruka, akaangusha kiti. "Nimeikosea mimi! Nimeipa namba zikiwa tupu. Kwenye slipu zinapita kwanza kwenye urembo!"

"Urembo gani tena?" Bosi alishika kichwa.

"Wa kwako, Bosi."

Hilo lilimfanya kila mtu asimame alipo, na mimi naliheshimu, maana kumwambia bosi namna hiyo mbele ya wafanyakazi wake kunahitaji moyo.

"Wa kwangu?"

"Unakumbuka slipu za zamani? Mmoja ana 1250, mwingine ana 1312.5, mwingine ana 980.25, hakuna zilizopangana. Ukaniita hapa hapa, ukaniambia hizi namba zimekaa kama meno ya mtoto. Ukataka kila namba iwe na tarakimu mbili baada ya nukta, hata kama ni sifuri."

"Nilitaka zipendeze. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni langu. Nilikuogopa. Nikaweka hizo sifuri kila mahali, kila namba, tangu inapoingia. Hata pale ambapo hakuna anayeitazama. Sikutaka unipigie kelele tena."

Aliketi chini sakafuni na laptopu mapajani, kiti hakukikumbuka. Safari hii hakuandika namba tupu. Alizipitisha kwanza kwenye ule mstari wa programu unaozivalisha tarakimu mbili, kisha akaziambia zijumlishwe. Kabla ya kubonyeza alifumba macho.

Akabonyeza.

Spika ndiye aliyeisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, uso umemkunjamana.

1250.00640.00

"Hii ni namba ya simu?" aliuliza Koplo.

Senti alifumbua macho. Alicheka na kulia kwa pamoja. "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, Afande! Ukiipa kompyuta namba mbili, inajumlisha. Lakini nikishaivalisha namba zile sifuri zake, haiwi namba tena kwake. Inakuwa maandishi, kama jina. Na maandishi hayajumlishwi. Inayabandika tu, hili nyuma ya hili."

"Sasa ile senti moja imetoka wapi?" aliuliza Spika.

"Njoo uone. Hatua inayofuata kompyuta inaambiwa irudishe haya maandishi yawe namba. Inaanza kusoma: elfu moja mia mbili hamsini, nukta, sifuri sifuri, sita nne sifuri. Halafu inakutana na nukta ya pili. Namba gani ina nukta mbili? Hakuna. Inaishia hapo, zilizobaki inazitupa. Imebaki na 1250.00640. Halafu nayo nimeiambia iache tarakimu mbili tu baada ya nukta. Inayofuata ni sita. Sita ni kubwa, inapandisha juu. 1250.01."

"Senti yangu!" Spika alinong'ona, na kwa mwanamke yule mnong'ono ulifika hadi dirishani.

"Na yangu ni 320," alisema Mama Vifungo polepole. "Inaanza na tatu."

"Tatu ni ndogo. Imetupwa. Ndiyo maana hukupata hata hiyo senti."

Mama Vifungo alitikisa kichwa kwa huzuni, utadhani hilo la senti ndilo lililomuuma kuliko yote.

Spika alinyooka. Aliwageukia wenzake nyuma ya kioo, akapaza sauti. "Jamani! Huyu mtoto amepiga pasi kabla hajashona!"

Mafundi wote wakaelewa mara moja. Vicheko vililipuka, lakini safari hii vilikuwa vicheko vya kupumua. Kila mmoja pale anajua ukinyoosha kitambaa na kukipangia mikunjo kabla hujakiunganisha, ukija kukishona hakifuati tena.

"Na kurekebisha je?" Bosi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nahamisha mstari mmoja. Namba zijumlishwe zikiwa namba. Urembo uje mwisho kabisa, wakati wa kuchapa slipu." Vidole vyake vilikuwa tayari vinakimbia. Akabonyeza kwa mara ya mwisho, akamgeuzia Bosi laptopu. Jina la Spika, mshahara, ovataimu, jumla 1890.00, zote zimesimama mstari mmoja, nukta chini ya nukta.

Bosi alizitazama kwa muda. Nadhani, pamoja na yote, zilimpendeza.

"Koplo," alisema, "mfungue Mhasibu."

Pingu zilifunguka. Nyuma ya kioo walipiga meza kwa makasi. Senti alimkimbilia Dada na kumkumbatia, tumbo likiwa katikati yao, na Dada alimshika mdogo wake kwa nguvu ya ajabu, vidole vimezama mgongoni. Senti alidhani ni furaha. Mimi nakuomba usiharakishe kudhani.

Maana Spika hakuwa amemaliza.

"Bosi, sawa, tumeelewa, kompyuta ilikosea. Sasa pesa zetu ziko wapi?"

"Si zipo tu!" alijibu Senti, bado ameng'ang'ania shingo ya Dada. "Hazikuibwa, hazikulipwa. Bosi aliziingiza kwenye akaunti ya mishahara, programu ikawalipa pungufu, zilizobaki zimekaa pale pale zinawasubiri. Miezi yote miwili. Mnaweza kulipwa leo hii hii!"

Shangwe zilizofuata sitazieleza. Mama Vifungo alicheza. Koplo mwenyewe alitabasamu, akarudisha pingu kiunoni.

Shemeji hakutabasamu. Alikuwa anajisugua vifundo vya mikono, anatazama simu ya mezani.

"Bosi," alisema, "leo si siku nzuri ya kuwasumbua benki. Mwisho wa mwezi, foleni, mitambo yao inazidiwa. Niachie mimi nitalifuatilia kesho."

"Kesho?" Spika aliruka. "Kesho nile nini?"

"Nasema kiutaratibu..."

"Utaratibu gani? Mtu katoka kwenye pingu sasa hivi, badala ya kusafisha jina lake anatuletea utaratibu!"

"Spika anasema kweli," alisema Bosi, akavuta simu. "Nikithibitisha salio napitisha malipo leo leo. Nataka cherehani zilie mchana huu."

Alianza kubonyeza namba. Dada akamwachia Senti ghafla, akajishika kiuno.

"Mdogo wangu, tumbo."

"Uchungu?"

"Tumbo linakata. Nipeleke hospitali. Sasa hivi, twende."

Senti alipiga kelele watafutiwe gari, akaibana laptopu kwapani, akampitishia Dada mkono kiunoni. Walipiga hatua kuelekea mlangoni, na mlangoni kulikuwa na ukuta wa watu. Hakuna aliyetaka kupitwa na salio lake.

"Tupisheni! Mjamzito!"

"Subiri kidogo tu, mama, wanapokea!"

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje. Karani wa benki, mwanamke mwenye sauti ya kuchoka, alimhoji Bosi maswali ya usalama, Bosi akajibu kwa kufoka, kisha karani akaanza kutafuta.

"Nimeipata akaunti ya mishahara, mzee. Salio lake ni sifuri, nukta, sifuri sifuri."

"Rudia?"

"Sifuri nukta sifuri sifuri."

Shangwe zilikatika kama redio iliyokatiwa umeme. Senti alisimama.

"Haiwezekani," alisema kutoka mlangoni. "Lazima zimebaki. Kimahesabu lazima zimebaki!"

"Zilibaki, ndiyo," ilijibu simu. "Mishahara ikilipwa, kiasi kilichobaki kilikuwa kinahamishwa siku hiyo hiyo. Imefanyika mara mbili. Chote, hadi senti ya mwisho."

"Nani kakihamisha?" Bosi aliuliza.

"Imefanywa kwa mtandao, mzee, kwa neno la siri la ofisi ya uhasibu."

Msomaji, hapo ndipo utamu wa asubuhi ile ulipogeuka shubiri. Kabla ya Senti kufungua laptopu yake, pesa zilikuwa zimepotea tu, na kesi ingeweza kuzunguka mwaka mzima bila mtu kujua zilianza kuvuja wapi. Sasa yeye mwenyewe ameshawaonyesha watu wote, hatua kwa hatua, kwamba kompyuta haikumpa mtu hata thumuni. Ilizibakisha. Kuna mtu aliyeliona kosa lake mapema, tangu mshahara wa kwanza, akamwacha alale usingizi, na kuvuna.

Na neno la siri la ofisi ya uhasibu walilijua watu wawili. Aliyelitunga ni Senti. Anayelitumia ni Shemeji.

Mkono wa Koplo ulirudi kiunoni.

"Zilikwenda wapi?" Bosi alikuwa amesimama, ameegemea meza kwa ngumi zote mbili.

"Akaunti ya mtu binafsi."

"Nisomee jina."

Koplo alitoa kalamu na daftari lake. Karani akasoma majina matatu, polepole, kama wanavyosoma wao.

Jina la kwanza Senti hakuwa amelisikia likitamkwa tangu shule ya msingi, mwalimu alipokuwa anasoma majina mbele ya shule nzima. Pale kiwandani hakuna aliyelijua. Kwao mwenye jina hilo ni mke wa Mhasibu, basi. Kwa Senti ni Dada. Jina la pili lilikuwa la baba yao. La tatu, la babu yao.

Aligeuka kumtazama Dada, huku mkono wake mwenyewe ukiwa bado umemzunguka kiunoni. Alitafuta mshangao katika uso ule. Alitafuta hata hasira, hata uongo wa kushtuka. Hakupata. Dada alikuwa anatazama sakafu. Tumbo halikuwa linakata tena.

Uchungu alioupata Senti sitaweza kuupima. Yule aliyemfulia nguo za watu. Yule yule.

"Mhasibu," Bosi aliita. "Unamfahamu mtu huyu?"

Shemeji hakuchelewa hata kidogo. "Simjui, Bosi. Ndiyo kwanza nalisikia jina hilo."

Alimkana mke wake hatua mbili tu kutoka alipo, na Dada akafumba macho.

Bosi alimgeukia Senti. Sauti yake sasa ilikuwa ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kufoka.

"Binti, wewe umeniambia ukweli leo, ukajitaja mwenyewe bila kulazimishwa. Wewe nitakuamini. Huyu mtu unamfahamu?"

Mafundi wote walimtazama. Spika alimtazama, slipu yake bado mkononi. Mama Vifungo alimtazama. Chini ya kiganja chake, upande wa tumbo la Dada, Senti alihisi mtoto akigeuka.

"Simfahamu," alisema Senti.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza mbele ya watu wale, na ulitoka laini kuliko alivyotegemea.

"Sawa," alisema Koplo. Alivuta kiti kile kilichoanguka, akakisimamisha, akaketi na daftari gotini. Alifungua ukurasa ule ule alioandika majina aliyoyasoma karani, akashuka mstari mmoja chini yake. "Huyo tutamtafuta. Kwanza tuchukue maelezo ya huyu wa kompyuta, maana hapa kila mtu anakuita Senti na mimi siwezi kupeleka Senti mahakamani. Haya, binti. Nitajie majina yako matatu."